Mpaka ni Kumi

Nyumba ya kumi na saba, Ziwa la Ng'ombe, kabla ya saa nne.
Mlango ni pazia la leso iliyochuja.
Nabisha hodi mara tatu kama tulivyofunzwa,
ya nne naongeza mwenyewe, maana redio iko juu.

"Kuna aliyezaliwa baada ya chanjo ya rubela kuanza?"
Swali limeandikwa na watu wasiojua
kwamba hapa mtu huzaliwa mwaka ule bomba lilipopasuka,
au siku tatu baada ya kuolewa Nyevu.
Naandika. Nakisia. Nafuta. Naandika.

Kadi ya kliniki imeliwa na panya pembe moja,
pembe ile ile yenye tarehe.
Ndiyo maana twaiuliza damu, namwambia mama mtu:
karatasi hupotea, na kinywa husahau,
damu ni karani asiyekwenda likizo.

Mililita tatu tu,
chini ya kijiko cha dawa ya kikohozi.
Mtoto anatazama kando, ameng'ata mkufu wake.
Jirani anauliza dirishani, tunaiuza kwa nani?
Ingekuwa na bei, namjibu, ningekuja kwa gari.
Anacheka. Nyumba ya kumi na nane yafunguka.

Jioni, maabara.
Barafu ya kipozeo imenivujia viatuni.
Mirija mia na minne inazungushwa,
wekundu unatua chini, juu yabaki
manjano ya mafuta ya simsim.
Humo ndimo kingamwili huogelea, au hamna kitu.

Mashine haina mengi, hutoa namba.
Mpaka ni kumi. Kumi na zaidi, umekingwa.
Tisa nukta nne, je?
Tisa nukta nne ni msichana wa Mishomoroni,
kadi yake safi, mihuri yote miwili,
na bado namba yake imesimama nje ya pazia
kama mimi asubuhi.

Daktari Mkala anataka jumla.
"Mbeyu, nipe mji."
Mji ni tisini na moja kwa mia.
Anapiga makofi kidogo, kwa ncha za vidole.
Nami nawahesabu tisa,
maana kirusi hiki hakisomi jumla.
Chatafuta mwanya, na mwanya kinaoupenda
ni tumba la miezi miwili
ambalo mwenye tumbo hajamwambia mtu.

Sasa niseme lisilo kwenye fomu.

Mrija wa sitini na mbili ni wa mama yangu.
Kompyuta ilipiga kura ikaangukia nyumba yake, sikuichagua.
Mia na arubaini, yasema mashine,
ngao nene kuliko zote za siku ile.
Haiulizi ameipata wapi.
Siku za ujana wake chanjo hiyo haikuwapo.
Alitokwa na vipele siku tatu, akajipaka mafuta ya nazi,
siku ya nne akarudi kuuza viazi karai,
na Thoya, kaka yangu, wiki ya tisa tumboni,
ndiye aliyelipa.

Thoya hushona viti vya tuktuk, Kongowea.
Cherehani huisikia kwa vidole.
Nikifika namgusa bega.
Utotoni nilikuwa namwita kwanza, kila mara,
ili nione kama leo.

Mia na arubaini. Nimeandika "chanya", nikatia alama
kwenye safu ile ile ya mtoto wa mkufu,
ambaye kinga yake iligharimu kilio cha dakika moja
na pipi.

Daktari asema ripoti haina safu ya bei.
Ni kweli, nimeitazama, haina.
Kesho narudi Mishomoroni,
mlango wa bati la kijani, nyuma ya kinu cha mahindi,
kumtafuta tisa nukta nne.
Ana miaka kumi na tisa.
Naambiwa kaolewa Mfungo Mosi.